Gumba juu ya tairi

Ukungu bado umelalia mashamba ya chai, na kule Litein dereva wa pikapu ameshaamka. Nilimwona jana: alichuchumaa, akakandamiza tairi la nyuma kwa kidole gumba, akatikisa kichwa, akaenda kujaza upepo kabla ya kujaza mafuta. Tairi lililolegea huichosha injini, na injini iliyochoka hunywa zaidi, hasa kwenye vilima hivi vyetu.

Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli nchini Kenya, hutangaza bei ya mafuta, nasi twaipokea kama hukumu. Kumbe ile ni bei ya juu kabisa. Kituo kina ruhusa ya kuuza chini yake. Basi uliza, linganisha, ila usiende kilomita 30 ukifuata shilingi moja.

Linaloniuma hasa ni hili la kuweka gari nyutro ukiteremka kutoka Kericho kuelekea Ahero, eti unaokoa petroli. Ndugu yangu, huokoi kitu. Injini nyingi za siku hizi hujikatia mafuta zenyewe ukiinua mguu huku gari liko kwenye gia. Ukiweka nyutro, injini hudai mafuta ili isizime, na uzito wote huangukia breki. Breki zikipata moto sana, hushindwa kushika.

Na nyuma yako kuna magunia ya majani mabichi, na juu ya magunia hayo wameketi vijana wawili.