Kurejea Katika Kazi Uliyoiacha

Tumeulizwa suala hili: kijana wa kwetu akaaye Marekani aliajiriwa na posta ya huko kupeleka barua majumbani. Kabla hajamaliza kufunzwa, akaacha. Sasa ataka kurejea, na jamaa zake hapa wamwambia kuwa ni aibu mtu kuokota alichokitupa. Je, wasemalo ni haki?

Kwanza yatupasa kuijua kazi yenyewe, kwani sisi tumezoea kuzifuata barua zetu katika masanduku ya posta. Huko mpeleka barua huzipanga asubuhi kwa taratibu ya nyumba za njia yake, kisha huzifikisha nyumba kwa nyumba, siku sita kwa wiki, juani na thelujini. Na tangu 2013 baadhi ya vifurushi hupelekwa hata Jumapili. Gari zake nyingi zina usukani upande wa kulia, kinyume na desturi ya nchi ile, ili mkono ulifikie sanduku lililo kando ya njia. Mwaka 2024 wapeleka barua zaidi ya 6,000 walishambuliwa na mbwa. Si ajabu basi kuwa mgeni hushtuka.

Atakayesema kwamba kijana huyu amevunja ahadi, twamjibu: siku za kufunzwa na za kujaribiwa zimewekwa kwa ajili ya pande mbili. Mwajiri humpima mtu, na mtu naye huipima kazi. Ni kweli kwamba sheria ya huko humtaka kila mtumishi wa posta ale kiapo kabla ya kuanza. Lakini kiapo hicho ni cha kuitekeleza kazi kwa uaminifu, si cha kutotoka humo milele. Aliyetoka kwa kuaga, akarudisha alivyokabidhiwa, hakumdhulumu mtu. Hafanani na yule aliyekwisha kupokea barua, akazitupa njiani au akazificha. Huyo amekhini amana ya watu wasiomjua, kwani katika mfuko ule huenda mna dawa ya mgonjwa au hundi ya mjane.

Basi aibu haimo katika kurejea. Wahenga wamesema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini tusidhani kuwa ahadi ya pili ni sawa na ya kwanza. Mara ya kwanza aliahidi jambo asilolijua. Mara ya pili aujua uzito wa mfuko, aujua urefu wa siku, na udhuru wa kutojua umeondoka. Kwa hivyo ahadi ya pili ni nzito zaidi, na akiacha tena kwa sababu ile ile, lawama itamstahiki.

Yampasa, kwa hayo, mambo mawili. La kwanza ni kusema kweli. Mwombaji huulizwa kazi alizokwisha kuzifanya, na wako watakaomshauri aifiche ile ya siku chache. Asiwasikilize. Atakaye kukabidhiwa siri za watu zilizofungwa kwa gundi, vipi ataanza kwa uongo? La pili ni kujiuliza ni nini kilichomtoa. Ikiwa ni woga wa mgeni, woga huisha kwa mazoea. Ikiwa ni mzigo wa nyumbani, na autazame kama umepungua. Ama ikiwa ni saa nyingi za kazi, na saa hizo ziko vile vile, na nia yake pia iko vile vile, basi atakuwa amekwenda kuchukua nafasi ya mwingine ambaye angalidumu.

Na nyinyi jamaa zake, iwekeni mbali dhihaka. Kijana achekwaye kwa kurejea hatajifunza kudumu. Atajifunza kuficha kuacha kwake, na huenda akakaa bure kwa kuogopa ndimi zenu. Mwulizeni kama yu tayari, kisha mwombeeni uthabiti.