Daftari la Msiba

Mwanafunzi anayeanza sosholojia hufundishwa mapema kutenganisha tunu na kaida. Tunu ni kile ambacho watu wanakithamini; kaida ni namna wanavyotarajiana kuishi. Utu ni tunu, kwenda kuzika ni kaida. Darasani maneno haya hukaa pamoja bila ugomvi. Mimi niliyaona yakigombana Mbagala Kizuiani, kwenye uchochoro ambao watu wawili hawawezi kupishana bila mmoja kugeuka ubavu.

Kijana mmoja, mpangaji, alifiwa na mtoto. Alikuwa mtu wa kutoka alfajiri na kurudi usiku. Daftari la msiba la mtaa wetu, kaunta buku lililochakaa kingo, lina majina ya waliochangia miaka yote, na mbele ya kila jina 1,000 au 2,000. Lake halikuwamo hata mara moja. Asubuhi ile wanaume walisimama gengeni, wakasema: naye azike mwenyewe.

Émile Durkheim aliandika mwaka 1895 kwamba mambo ya kijamii yako nje ya mtu, nayo yana nguvu ya kumshurutisha. Niliiona nguvu hiyo. Mjumbe hakutoa amri, polisi hawakuwapo, ila hapana aliyevuka uchochoro.

Siwalaumu wazee wale. Barabara ya Kilwa imeleta Mbagala watu wengi kutoka Rufiji, Lindi na Mtwara. Ukoo umebaki mbali, na maiti haisubiri basi. Jirani ndiye ukoo. Kila mmoja akisema leo nina kazi, kesho nani atachimba kaburi? Walikuwa wanalinda ukuta unaowakinga wote, na ukuta wa namna hiyo hubomoka kwa tofali mojamoja.

Kisha bibi wa nyumba ya pili akajifunga khanga kiunoni, akajitwika ndoo ya maji. Mmoja wa wazee akamwita, "Bi Mkubwa, unakwenda wapi?" Akasimama, ndoo kichwani.

"Siku ya mabomu," alisema, "mtu nisiyemjua alimshika mkono mjukuu wangu mpaka Mtoni. Aliniuliza kama nimewahi kuzika kwao?"

Hakuna mkazi wa zamani wa Mbagala asiyeijua siku hiyo: 29 Aprili 2009, ghala la silaha la jeshi lilipolipuka, watu wakakimbia kila upande, watoto wakapotezana na wazazi wao.

Kwa lugha ya kitabu, bibi alikiuka kaida. Kwangu, ndiye peke yake aliyekumbuka kaida ile iliwekwa kulinda nini. Nami sikuwa wa kwanza kumfuata. Nilisubiri kuona wengine wakivuka, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Saa sita mchana turubai lilikuwa limeshafungwa. Mwenye daftari akafungua ukurasa mpya, akaandika jina la mtoto juu, na chini yake jina la bibi: 1,000.