Tope Lililolala

Bandari ya Karema ilipokuwa ikijengwa, mashine zilichimba kina ili meli zipate pa kutia nanga. Siku za kazi maji ya karibu yaligeuka rangi ya chai ya maziwa, na mama akawa anakwenda mbali zaidi na ndoo yake. Baba mdogo alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akatazama, akasema, "Tope likishalala, liacheni lilale."

Sina shtaka juu ya tope la Karema. Kauli ile ilinikaa kwa sababu nilijua hakuwa akisema habari za bandari.

Ujana wake aliumaliza kwenye maduara ya dhahabu upande wa Mpanda. Alichanganya zebaki na mchanga kwenye karai kwa mikono mitupu, akakamua kwa kitambaa, kisha akachoma lile donge kwenye jiko la mkaa, mvuke ukimpanda usoni. Maji ya karai aliyamwaga kijitoni. Leo kikombe cha chai hakitulii mkononi mwake. Hakuna aliyempeleka kupimwa. Nyumbani tunasema ni uzee. Ana miaka 54.

Sayansi inamuunga mkono kwa sehemu. Kwenye tope lisilo na oksijeni, metali kama risasi, kadimi na zinki hushikana na salfaidi na kutulia. Ukilichimbua, oksijeni inaingia, kifungo kinalegea, na sehemu ya metali hurudi majini. Nyingine hunaswa na chembe za chuma na kuzama tena, lakini wingu la tope huwa limeshasafiri na mkondo. Anayechimba yuko juu, anayekunywa yuko chini. Kwa hiyo si kila anayefukua uchafu anatenda wema. Nimeona watu wakimwaga siri za ukoo msibani kwa jina la ukweli, asubuhi wakapanda basi, wakawaachia wengine maji yaliyochafuka.

Lakini zebaki inaikataa hoja hiyo. Kwenye tope hilohilo lisilo na oksijeni, bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili, ambayo huingia kwa vidudu, kisha kwa samaki wadogo, kisha kwa wakubwa, mpaka sahanini. Tope tunalodhani limelala linafanya kazi usiku na mchana.

Kule Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini hadi 1968. Kuchimbua tope kulianza 1977 na kuisha 1990. Wavu uliwekwa kuzuia samaki wa ghuba wasitoke, na tope lenye sumu likafungiwa chini ya ardhi mpya ya hekta 58. Ninachojifunza hapo ni utaratibu: kwanza mfereji unazibwa, kisha unaweka kizuizi, kisha unajua utaliweka wapi unalolitoa.

Kwetu mfereji haujazibwa. Mwezi uliopita mpwa wangu, kijana wa miaka 19, alituaga kwamba anakwenda machimboni. Wote tulimtakia heri, na mimi nikiwemo. Usiku sikulala. Kama uchafu ungekuwa wa zamani tu, ningeuacha ufunikwe na mchanga wa miaka. Lakini mtu mwingine anakwenda kushika karai lilelile, na ukimya wangu ndio unaomsindikiza.

Sikuanza na kijana. Nilikwenda kwa mwenye mikono.

"Shikamoo, baba mdogo. Nataka mpwa wangu ajue habari ya zebaki. Sitaki kusema bila wewe."

Alinyamaza muda mrefu. "Aje kesho," akasema. "Nitamwambia mwenyewe. Wewe kaa karibu."

Alimwambia yote, karai, kitambaa na jiko, mikono ikitetemeka mbele ya kijana. Mama alikuwepo, akalia, maana jiko lile lilikuwa lake. Ilituchukua siku kadhaa kutazamana vizuri tena.

Kijana hajaamua bado. Akienda, ataenda akijua.