Mshale Uliotulia

Jumamosi moja ya Februari, katika banda la gari la jirani yangu huku Midlands, Uingereza, niliona injini inachemka huku mshale wa joto umelala chini ya nusu, shwari kabisa. Mvuke unatoka kwenye mfuniko wa tanki, mpira wa juu umekakamaa kama ubao, harufu tamu ya kulanti imejaa bandani, na geji inasema hakuna shida. Jirani yangu, mzee wa miaka sabini na ushee, alizima injini, akavua miwani, akaifuta taratibu. Nikamwambia geji yake ni mbovu. Akasema hapana, geji ni nzima, inapima kile ilichonacho.

Ilichonacho kilikuwa hewa. Sensa ya joto imetengenezwa ikae ndani ya maji. Hewa ikinaswa pale pale ilipo sensa, maji hayaigusi tena, na hewa haibebi joto kama maji yanavyolibeba. Chuma kilicho jirani kinaungua, yenyewe inasoma uvuguvugu. Kwa hiyo siku maji yanapopungua kabisa, yaani siku unayohitaji kuonywa kuliko siku zote, ndiyo siku mshale unaweza kutulia. Nimeendesha magari miaka ishirini bila kulijua hilo. Nilikuwa nikiutazama ule mshale kama mtu anavyojisikiliza moyoni: haunisuti, basi niko salama.

Ngoja nieleze gari lenyewe, maana si la dukani. Waingereza wana utamaduni mkongwe wa kujijengea gari nyumbani. Colin Chapman alipotoa Lotus Seven mwaka 1957, ungeweza kuinunua ikiwa vipande, ukaenda kuiunga mwenyewe, na kwa njia hiyo ukaikwepa kodi iliyotozwa magari yaliyokamilika. Mwaka 1973 kampuni ya Caterham ikachukua haki za kuitengeneza, inaendelea nayo hadi leo. Mwaka 1996 mwalimu mmoja, Ron Champion, akatoa kitabu cha kumfundisha mtu wa kawaida kujenga gari la namna ile kwa pauni 250, kwa mabomba ya chuma ya mraba na vipuri vya gari kuukuu. Jirani yangu alikuwa nacho kitabu hicho, kurasa zimeshika grisi mpaka hazifunguki vizuri. Alikata mabomba, akachomelea fremu, akang'oa injini kwenye Ford Sierra iliyooza bodi. Rejeta akaitoa kwenye Volkswagen Polo, kwa sababu ni fupi na inaingia chini ya ile pua ya gari.

Hapo ndipo penye kazi. Kule kwenye Sierra, rejeta, injini na tanki vilikuwa vinajuana; wahandisi walishavipatanisha. Ukichukua injini ya huyu na rejeta ya yule, umechukua viungo bila mishipa. Mishipa utaijenga wewe. Na pua ya gari hili ni ya chini mno, kiasi kwamba kichwa cha rejeta kiko chini kuliko kichwa cha injini. Hewa haina akili lakini ina tabia moja, hupanda. Inapanda mpaka mahali pa juu kuliko pote, na kama mahali hapo ni ndani ya injini, basi inakaa humo kama mgeni asiyeaga. Dawa yake ni tanki dogo lililo juu kuliko kila kitu. Kutoka kwenye kila kilele unapeleka kibomba chembamba, unene wa penseli, hadi kwenye tanki. Kutoka chini ya tanki unashusha bomba nene hadi upande ambao pampu inavuta. Hewa inapanda kwa kibomba, maji yanashuka kuchukua nafasi yake. Sisi tanki letu tulikuwa tumelifunga vidole vinne chini ya lilipotakiwa. Vidole vinne tu!

Usiku ule nilimpigia mjomba, fundi wa gereji huko Tanga.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba, mjomba. Baridi huko?”

Nikamweleza. Hakusubiri nimalize. “Hiyo themostati mmetoa?”

Mnaotoka nyumbani mnaijua hiyo. Themostati ni kile kimlango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, nyuzi 82 au 88 hivi, kisha kinafunguka. Mafundi wetu wengi wakiikuta wanaitupa. Nilijaribu kumweleza mjomba kwamba injini isiyopata moto inakunywa mafuta na kujila yenyewe polepole, na kwamba kwenye injini nyingine ukiitoa, maji yanaikwepa rejeta kwa njia ya mkato na gari linachemsha zaidi. Akacheka. “Mjomba, themostati ya bandia ikigoma kufunguka, abiria wangu wanashukia Segera usiku. Wewe chagua.” Nilinyamaza. Kwa muda mrefu nilidhani watu kama mjomba wanaharibu kwa kutojua. Anajua. Amepima hasara mbili na kuchagua moja mchana kweupe, na mwenye gari anaambiwa. Nalisema hili kwa sababu nililofanya mimi halikufanyika hivyo.

Bomba linalotoka chini ya rejeta kwenda kwenye pampu tulilitengeneza kwa alumini, kwa kuwa linavuka kutoka upande mmoja hadi mwingine na mpira mtupu usingestahimili. Kila ncha ya bomba la namna hiyo lazima iwekewe kivimbe, yaani mwinuko mdogo unaozunguka mdomo wote, ili mpira ukishavishwa na klipu kukazwa nyuma yake, usichomoke. Maji ndani yakipata moto yanasukuma. Mfuniko wa kawaida hushikilia shinikizo la kama bar 1, ndiyo maana maji yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Kwa hiyo ule mpira unasukumwa kila safari.

Mikono ya mzee inatetemeka, kazi za kukaza kwenye kona akaniachia mimi. Ncha tatu niliziwekea vivimbe. Ya nne, iliyo nyuma chini, mahali ambapo hata kwa kioo huoni, sikuiweka. Ilikuwa saa tatu usiku, vidole havina hisia, kile kifaa cha kuvimbishia kilikuwa cha kuazima na mwenyewe amesharudi kukidai. Nikavisha mpira, nikafunga klipu mbili badala ya moja, nikakaza mpaka nikaridhika. Nikaridhika kweli! Mzee akauliza, “Zote tayari?” Nikajibu zote.

Mashabiki wa vitabu humu mtakumbuka Zen and the Art of Motorcycle Maintenance ya Robert Pirsig, ya mwaka 1974, pale msimulizi anapotaka kumkazia rafiki yake usukani wa pikipiki ya BMW kwa kipande cha bati la kopo la bia, na rafiki anaona ni matusi. Bati lile lingefanya kazi vizuri tu. Aibu yake ilikuwa kwenye sura. Kipande changu kilikuwa kinyume chake. Klipu mbili zinang'aa, mtu akipapasa atasema huyu fundi ni mwangalifu, kazidisha.

Gari lilikaguliwa. Mkaguzi wa serikali alipima breki, taa, mikanda, moshi, kelele, akapitisha kidole kwenye kona za bodi kutafuta zenye ncha kali. Hakulala chini kuuliza maji yanapita wapi. Likapata namba. Mzee akaliendesha majira mawili ya joto, kama maili 4,000, na halikudondosha tone.

Sasa swali ndilo hilo. Je, nilimkosea mtu?

Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams na Thomas Nagel, waliandika juu ya kitu walichokiita bahati ya kimaadili, na mifano yao, kama vile walijua nitakuja kuihitaji, ina dereva wa lori. Nagel anatuuliza tumfikirie dereva ambaye hakukagua breki zake. Mtoto asipokatiza barabara, dereva huyo ana uzembe mdogo wa kujilaumu, basi. Mtoto akikatiza, anabeba kifo maisha yake yote. Uzembe ni uleule, breki ni zilezile. Kilichotofautiana ni mtoto, ambaye dereva hakumleta yeye. Mimi nilikuwa dereva ambaye mtoto hajakatiza. Na nitasema ukweli, nilijipa alama za pasi. Kila tulipofungua boneti na kukuta pakavu, nilisikia kama nimeshinda hoja.

Lakini ukavu ule ulinithibitishia nini? Kwamba mpira haujachomoka bado, basi. Haukusema lolote kuhusu jibu langu la “zote”. Nadhani Nagel amenisaidia nusu tu, maana yeye anahangaika na hukumu: tumlaumu dereva kiasi gani? Mimi kilichonitisha ni kwamba sikujilaumu kabisa. Miaka miwili mshale wangu ulilala chini ya nusu. Nilimsalimia mzee kila asubuhi, nikala keki za mkewe, na dhamiri haikunisuta hata mara moja. Tumelelewa kuiamini dhamiri kama geji, isiposoma kitu hakuna kitu. Sikuwahi kujiuliza kama bado imo majini.

Kuna mtu ataniambia gari la kujijengea ni hatari ya anayelijenga, ajijue mwenyewe. Nilikuwa na hoja hiyo pia. Ina viti viwili, hoja hiyo, kama gari lenyewe, na cha pili huwa kinasahauliwa. Mzee alipoamua kuuza kwa sababu goti halimruhusu tena kuingia chini kiasi kile, alikuja binti mmoja, mwalimu anayeanza kazi, na mdogo wake wa kiume wa miaka kama tisa. Yule mtoto hakuambiwa. Aliruka kwenye kiti cha abiria, akashika usukani wa hewani, akaanza kunguruma kwa mdomo. Miguu yake ilikuwa haifiki mwisho. Upande wa pili wa bati lile, hatua moja tu kutoka miguuni pake, ndiko inakokaa injini. Bomba la chini likichomoka kwenye mwendo, maji yenye nyuzi 90 na kitu yanamwagika mbele ya tairi za nyuma za gari lenyewe, na dereva akitupa jicho kwenye geji anaweza kuukuta mshale umetulia.

Binti akaacha pesa za kishika uchumba, kama tunavyosema. Usiku sikulala. Kesho yake nikamwendea mzee, nikamwambia.

Alinisikiliza bila kubadilika. Kisha akasema, “Limeshika miaka miwili.” Na baadaye, “Humu bandani hakuna kitu ambacho ningekifanya hivihivi mara ya pili. Nikimwandikia yule binti kila ninachokitilia shaka, hatakuwa salama zaidi, atakuwa na hofu zaidi tu.” Ilikuwa hoja nzuri, na mpaka leo sijaimaliza. Wapo watu wanaoungama ili mzigo uhamie kwa mwingine. Ukimwambia mnunuzi kwamba pana udhaifu mahali fulani asikopaona, ukamwacha nao, umejitua wewe na kumtwika yeye. Kurekebisha ni deni moja, kusema ni jingine. Mzee aliona la kwanza likilipwa, la pili linakufa lenyewe. Turekebishe, akasema, tusimsumbue.

Tukamwaga maji kwenye beseni, tukalifunika upesi kwa sababu paka wa mtaani huweza kuinywa kulanti, nayo ni sumu. Nikalala chini, nikalegeza klipu zangu mbili, nikauvuta mpira. Haukunigomea. Kwenye alumini kulikuwa na mistari, ule wa klipu ya kwanza ilipokuwa mwanzo, kisha mwembamba mwingine, na mwingine, kama alama za maji kujaa na kupwa kwenye nguzo ya gati. Mpira ulikuwa unatembea. Mzee akachukua kipimo, akapima kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Milimita 7. Nilikuwa nimeuingiza milimita 25. Hakusema kitu, akanipa tochi niishike, akakitazama tena kile kipande cha bomba kwa muda mrefu.

Tulikiwekea kivimbe, tukavisha mpira mpya, tukainua pua ya gari kwa jeki ili hewa ipande kwenye tanki, tukajaza polepole. Ilipopata moto mshale ulipanda kawaida, feni ikawaka, ukashuka kidogo, feni ikazima.

Gari lina daftari. Tangu kipande cha kwanza cha chuma, mzee ameandika kila kitu kilichofanyika na tarehe yake, na anayenunua gari anapewa na daftari. Akanipa kalamu. Nikaandika tarehe, nikaandika: bomba la chini, ncha ya pampu, kivimbe kimewekwa, mpira mpya. Akausoma mstari wangu, akanirudishia daftari.

“Andika na kwa nini,” akasema.

Binti alipokuja kulichukua gari alilisoma daftari amesimama, ukurasa kwa ukurasa, mdogo wake anamvuta mkono waondoke. Alipofika pale akainua macho.

“Ni wewe huyu?”

Nikasema ni mimi. Akalaza daftari kwenye kiti, akapiga magoti kwenye saruji, akaomba nimwonyeshe bomba lenyewe liko wapi.