Je, Ni Adabu Kijana Kutoa Rai Yake Gazetini?

Liko swali ambalo wazee wengi wa huku Ufipa huliuliza waonapo kijana ameshika kalamu: Je, ni adabu mtoto wa jana kutangaza rai yake mbele ya watu, hali wazee wake wapo? Husema, penye wazee haliharibiki neno. Tena, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Maneno hayo si ya kudharauliwa. Lakini kijana tayari ana rai, tena huitoa kila siku: huitoa kisimani, huitoa kilabuni, huitoa njiani atokapo Laela kwenda Sumbawanga. Basi la kuuliza ni hili: rai hiyo iwe na mwenyewe, au isiwe na mwenyewe?

Jina la mji wetu wa Sumbawanga hufasiriwa kwa Kifipa kuwa "tupa uchawi". Nasi twajua jinsi shutuma ya uchawi inavyozaliwa. Haizaliwi na mtu aliyesimama akasema, "Mimi fulani nasema hivi, na sababu zangu ndizo hizi." Huanza kwa mnong'ono. Mmoja asema amesikia. Wa pili asema watu wanasema. Wa tatu asema jambo hili lajulikana. Bibi kizee ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni hana wa kumjibu, kwa kuwa aliyesema haonekani. Nasi tukihoji, twaambiwa ya kuwa lisemwalo lipo. Mimi methali hiyo siipendi, nayo imedhuru wengi. Neno lililoandikwa, likatiwa jina la mwandishi chini yake, lina mlango: aliyeonewa ajua pa kubisha hodi.

Wala si jambo geni katika nchi hii. Mwaka 1923 serikali ya Tanganyika ilianzisha gazeti la Mambo Leo, na wasomaji wa pande zote wakalipelekea barua na mashairi. Ila mwenye kuchagua lipi lipigwe chapa alikuwa serikali yenyewe. Mwaka 1937 Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa na duka Dar es Salaam, akaanzisha Kwetu, ili Waafrika waseme mambo yao katika gazeti lao. Mwaka 1943 Julius Nyerere, mwanafunzi wa Makerere ambaye hajatimiza miaka 22, alipeleka barua katika gazeti la Tanganyika Standard akieleza rai yake juu ya ujamaa wa Kiafrika. Hakungoja mvi.

Lakini kutia jina kuna gharama, na si haki kumficha kijana jambo hilo. Mwaka 1958 huyo huyo Nyerere, sasa kiongozi wa TANU, alishtakiwa kwa maneno aliyoandika katika Sauti ya TANU juu ya mabwana shauri, akatozwa faini. Mwaka ule ule Robert Makange na Rashidi Baghdelleh wa gazeti la Mwafrika wakatiwa gerezani. Hata katika Tanzania huru, Katiba katika ibara ya 18 yampa kila mtu uhuru wa maoni, lakini Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliuwekea uhuru huo mipaka mikali, hata Mahakama ya Afrika Mashariki huko Arusha mwaka 2019 ikaamua ya kuwa baadhi ya vifungu vyake vimekiuka Mkataba wa Jumuiya. Ilirekebishwa mwaka 2023. Basi mwandishi na aijue sheria kama mvuvi aujuavyo upepo wa ziwa.

Tena na ajue kutenga alichokiona na anachokidhani. Tuchukue habari ya lumbesa, lile gunia la mahindi lililojazwa kupita kiasi hata likaongezwa kichwa juu. Kijana akiandika, "Wachuuzi wote ni wezi," ameutia mnong'ono wino tu. Lakini akipeleka gunia la baba yake mizanini, akaandika uzito wake, akataja bei aliyolipwa, akaonyesha kilo zilizokwenda bure, ndipo aseme, "Kwa hiyo naona kijiji chetu kikatae kuuza bila mizani," hapo ametoa rai. Mchuuzi aweza kumjibu kwamba njia ni mbovu na nauli ni ghali, nasi tutapima kati yao. Au na aulize kama yafaa kuziacha ntumba, yale matuta ambayo wazee wetu walifukia majani yaoze yawe mbolea, kwa sababu tu mbolea ya mfuko imefika dukani. Katika habari hiyo wazee watakuwa na mengi ya kumfundisha, naye asipouliza hawatasema.

Ama kuhusu adabu, wasomaji wamkumbuke Elihu katika kitabu cha Ayubu. Alinyamaza kwa kuwa wenzake walimzidi umri, akawasikiliza mpaka mwisho. Alipoona hawana jibu, akasema. Adabu yake ilikuwa katika kusikiliza kwanza. Haikuwa katika kunyamaza daima.

Pasipo na fedha za kupiga chapa, karatasi moja iliyobandikwa ukutani mwa shule kila mwezi yatosha kuanzia. Kila rai iwe na jina. Na mzee akitaka kujibu, lakini kalamu imemshinda, kijana yule yule aliyembisha na aende kwake, aandike jibu kama analivyolisema, amsomee, kisha alibandike kando ya neno lake mwenyewe.