Vinywa Visivyohesabiwa

Neno mshahara limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi, na sisi tuliokulia pwani ya Afrika Mashariki tulizoea kuuona ujira ukiandamana na tarehe: mwisho wa mwezi ndipo deni la duka linapolipwa. Hapa Sydney mwezi hauna kazi. Ujira hutajwa kwa saa na kwa wiki, na kodi ya nyumba hutajwa kwa wiki vilevile, kana kwamba vimewekwa sambamba ili mtu asishindwe kuvilinganisha. Basi tuvilinganishe. Tarehe 1 Julai 2025 kima cha chini cha mshahara nchini Australia kilipanda kuwa dola 24.95 kwa saa, yaani dola 948 kwa wiki ya saa 38. Fleti ya kawaida mjini Sydney hupangishwa kwa zaidi ya dola 700 kwa wiki. Zinazobaki hazifiki 250, na hapo serikali haijachukua kodi yake. (Kiswahili cha Tanzania, kwa busara au kwa uchovu, huviita vyote viwili kodi.)

Namfahamu mama mmoja wa Likoni asafishaye ofisi usiku katikati ya jiji, na mchana hulala Auburn, katika chumba anachogawana na mwenzake. Kila Ijumaa hutuma fedha nyumbani. Nilimwuliza iwapo mshahara unamtosha. Akanijibu, "Mimi unanitosha, kaka. Watu wangu ndio hauwatoshi."

Jibu hilo limenisumbua kwa muda mrefu, maana chini yake kuna swali ambalo sheria imelijibu mara nyingi bila kuliuliza waziwazi: mshahara wa mtu mmoja ni wa watu wangapi?

Nchi hii iliwahi kuliuliza. Mwaka 1907 Jaji Henry Bournes Higgins alitakiwa aamue kama H. V. McKay, mwenye kiwanda cha mashine za kuvunia karibu na Melbourne, aliwalipa vibarua wake ujira wa haki. Higgins hakuanza na faida ya kiwanda wala bei ya soko. Alianza jikoni. Alisikiliza ushahidi wa matumizi ya nyumbani, akapata kwamba kodi, mkate, nyama, maziwa, kuni na mboga kwa nyumba ya watu kama watano vilimaliza shilingi 32 na peni 5 kwa wiki. Kisha akaorodhesha yaliyoachwa nje ya hesabu hiyo: mavazi, samani, vitabu na magazeti, nauli ya tramu, cherehani, tumbaku, maradhi na mauti, dini na sadaka. Akaamua shilingi 7 kwa siku, 42 kwa wiki, pale ambapo McKay kwa kawaida alilipa 6 kwa siku. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu iliibatilisha sheria aliyoitumia, lakini kipimo chake kiliendelea kutumika kwa miongo mingi.

Orodha ile naipenda, nikiri. Jaji aliyekubali kwamba kibarua naye hufiwa, naye hutoa sadaka, alikwisha kuvuka kijungujiko. Lakini meza aliyoiandaa ilikuwa na viti vya watu maalumu: mume, mke na watoto watatu. Mwaka 1919 Higgins huyohuyo aliwawekea wanawake kima cha takriban asilimia 54 ya kile cha wanaume. Mjane mwenye watoto akapata nusu, kapera akalipwa kwa ajili ya watoto asiokuwa nao. Wenyeji wa asili waliochunga ng'ombe katika mashamba makubwa ya kaskazini walingoja hukumu ya mwaka 1966, na utekelezaji wake ukangoja hadi Desemba 1968.

Kwetu hesabu ilifanywa kinyume. Makuli wa Mombasa walilipwa ujira wa kapera, kwa hoja kwamba mke na watoto wako shambani na shamba litawalisha. Januari 1947 mji mzima ukasimama: bandari, reli, mahoteli, hata watumishi wa majumbani, na wagomaji wakakutanika katika uwanja wa mpira walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Chege Kibachia, aliyeongoza shirikisho lao, alikamatwa na kuhamishiwa mbali mwaka huohuo. Miaka saba baadaye, mwaka 1954, kamati ya serikali ya kikoloni iliyoongozwa na Carpenter ilikiri kwamba ujira wa kapera hauwezi kumlea mfanyakazi mjini na jamaa yake.

Najua pingamizi. Mwajiri wa Sydney hakumzaa mama wa dada yule, na hawezi kuulizwa dawa zake za shinikizo la damu. Zaidi ya hayo, ujira ukifuata idadi ya tegemezi, mwajiri atamchagua asiye na tegemezi. Pingamizi hili la pili lina uzito, na mimi sidai kila mtu alipwe kwa idadi ya nduguze. La kwanza naliona dhaifu. Mikono inayofuta meza zile usiku ililelewa, ikasomeshwa na kutibiwa kwa gharama ya nyumba nyingine, na Sydney imeipokea ikiwa imekwisha kukomaa. Likoni ilitangulia kulipa. Kinachotumwa Ijumaa ni marejesho ya deni, ingawa tumezoea kukiita hisani.

Wala sidhani kwamba kupandisha kima peke yake kutatosha. Nyongeza ya mwaka 2025 ilikuwa asilimia 3.5, kama dola 32 kwa wiki kabla ya makato. Higgins aliweka kodi ya nyumba ndani ya hesabu ya mshahara. Sisi tumeiacha itembee peke yake, nje ya mkono wa tume yoyote, kisha twashangaa kila mwaka kwamba mshahara hauifikii.

Nilipomweleza dada habari za Higgins na orodha yake, kilichomshika ni mauti na sadaka. Alitaka kujua mwaka. Nikamwambia 1907. Akahesabu kwa vidole, akasema bibi yake mzaa babu alikuwa hajazaliwa, kisha akaniomba nimsubiri, kwa kuwa wakala wa kutuma fedha angefunga saa kumi na moja.