Kasri la Njoro na Shamba la Nabothi

Ukitoka Naivasha kupitia Nakuru, ukakata kuelekea Njoro, utakuta kasri la mawe ambalo halingeonekana geni katika mashamba ya Uingereza. Bwana Maurice Egerton alianza kulijenga mwaka 1938. Vita Kuu ya Pili ikaichelewesha kazi, likakamilika 1954. Ukumbini mna kinanda kikubwa cha mabomba, na vyumbani meko ya kuotea moto, maana baridi ya Njoro haina mchezo. Miaka minne baadaye akafariki, bila mke wala mtoto.

Je, uzuri wa nyumba hupimwa bila kuuliza ardhi yake ilipatikanaje?

Biblia inamsimulia mfalme Ahabu, aliyelitamani shamba la mizabibu la Nabothi kwa kuwa lilipakana na jumba lake. Nabothi akauawa. Nabii Eliya alipofika hakuzungumzia kuta wala bustani. Aliuliza habari za damu na urithi. Egerton hakuwa Ahabu: alipata ardhi kwa sheria ya wakati wake, na mwaka 1939 akaanzisha shule ya kilimo ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Egerton.

Lakini sheria hiyo ilitanguliwa na mkataba wa 1904, uliowaondoa Wamaasai Naivasha na sehemu nyingine za Bonde la Ufa ili kuwapisha walowezi.

Leo maharusi husherehekea ndoa katika kasri la mseja huyo, na hilo ni jema kabisa. Kulibomoa kungekuwa hasara tupu. Ila mwongozaji anayeanza hadithi mwaka 1938 ameruka miaka 34, na wageni wanastahili kuisikia.